Makaa ya mawe ya Königsberg: tuhuma za kupakia kwa siri katika bandari za Msumbiji zinapimwaje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari, Kilwa. Anasema amesoma nakala za barua za mabalozi wadogo wa Uingereza za mwaka 1914. Humo kuna madai kwamba stima za Kijerumani zilizotia nanga Beira na Kisiwa cha Msumbiji zilikuwa zikiipelekea makaa manowari ya Kijerumani Königsberg kwa siri. Wazee wa kwao nao husimulia habari za majahazi ya makaa. Anauliza kama jambo hilo liliwezekana, sheria ilisemaje, na apime vipi taarifa za namna hiyo kabla hajaziingiza darasani.

Mwalimu, kabla ya kuuliza ni nani aliyepeleka makaa, uliza tani ngapi, kwa chombo gani, na kwa siku ngapi. Makaa ya mawe hayafichiki kama barua. Ni mzigo mzito, mchafu, unaokula nafasi, na kila unapohamishwa huacha alama: kwenye kina cha meli, kwenye daftari la forodha, kwenye mabega ya makuli, hata kwenye maji yaliyozunguka chombo. Tuhuma nyingi za mwaka ule huanguka zenyewe ukizitia kwenye mizani ya tani. Zile chache zinazobaki zimesimama ndizo za kufundisha.

Tuanze na mlaji wa makaa yenyewe. Königsberg ilikuwa manowari nyepesi ya urefu wa mita 115, yenye boila 11, zote za makaa. Ghala zake zikijazwa kabisa zilibeba takriban tani 880, na kwa mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa makaa hayo yaliifikisha maili 5,750. Gawanya, utapata saa 479, yaani siku 20, yaani tani 44 kwa siku. Huo ndio mwendo wa kubana matumizi. Kwa kasi ya mwisho hesabu inabadilika kabisa. Mashine zake zilikuwa na nguvu za farasi 13,200, na mashine za aina ile zilikula karibu kilo moja ya makaa kwa kila nguvu moja kwa saa. Hizo ni tani 13 kwa saa, zaidi ya 300 kwa siku. Shehena ileile ya siku 20 inakwisha ndani ya siku tatu. Kapteni wake, Max Looff, alipotoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914 na kuzikimbia manowari tatu za Uingereza zilizokuwa zikimvizia nje, alichoma usiku mmoja makaa ambayo yangemtosha doria ya siku kadhaa. Tangu siku hiyo kila uamuzi wake ulifungwa na ghala la makaa.

Kwa wanafunzi wako, geuza tani ziwe kitu cha kuonekana. Tani moja ya makaa huchukua kama mita za ujazo 1.25. Tani 880 zinajaza madarasa sita na nusu, kila moja likiwa na urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Kwa magunia ya kilo 100 ni magunia 8,800, na kila gunia lazima linyanyuliwe, livushwe, limwagwe, kisha makaa yasukumwe kwa sepetu hadi pembe za mwisho za ghala.

Hapo ndipo simulizi za majahazi zinapohitaji uangalifu. Jahazi la pwani la kubeba tani 40 au 50 ni chombo cha heshima, lakini kujaza Königsberg mara moja kungehitaji majahazi 18 hadi 22. Yakitoka Msumbiji kwenda kaskazini wakati wa kusi yangesukumwa vizuri na upepo. Kurudi kungekuwa kazi nzito mpaka upepo ugeuke. Majahazi 20 hayawezi kukosekana bandarini kwa wiki kadhaa bila kila karani wa forodha na kila mchuuzi wa samaki kujua. Lakini hilo halina maana kwamba wazee wa Kilwa wamekosea. Makaa yalipelekwa Rufiji kwa matishari na vyombo vidogo kutoka bandari za upande wa Wajerumani wenyewe, na tutafika huko. Simulizi yao inaweza kuwa kweli kabisa bila kuihusu Msumbiji hata kidogo. Waulize jambo moja tu: vyombo vilitoka upande gani?

Sasa sheria. Mkataba wa 13 wa Hague wa mwaka 1907 ulikataza nchi iliyo vitani kuifanya bandari ya nchi isiyoegemea upande kuwa kituo cha mapigano yake ya baharini. Hicho ni kifungu cha 5. Serikali isiyoegemea upande haikuruhusiwa kuipa nchi iliyo vitani manowari, risasi au zana yoyote ya vita, kwa mkono wake wala kwa mkono wa kupitishia (kifungu cha 6). Lakini haikulazimika kuwazuia wafanyabiashara kusafirisha bidhaa hizo kutoka kwake (kifungu cha 7). Manowari yenyewe ikiingia bandarini, na sheria ya mwenyeji ikiwa haisemi vingine, ilikaa saa 24 (kifungu cha 12). Ikihitaji makaa, ilipewa ya kuifikisha bandari ya kwao iliyo karibu zaidi, au ilijaza ghala zake pale ambapo mwenyeji alifuata kanuni hiyo (kifungu cha 19). Baada ya hapo haikupewa tena katika bandari za nchi hiyohiyo mpaka ipite miezi mitatu (kifungu cha 20). Ujerumani iliridhia mkataba lakini ikaweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwamo cha 12 na cha 20. Uingereza ilitia saini bila kuridhia. Kwa hiyo usiwaambie wanafunzi kwamba kila mmoja alikuwa amefungwa sawasawa na kila neno.

Mwanya unaonekana wazi. Manowari haihitaji kuingia bandarini. Stima ya biashara inanunua makaa kihalali, inaandikiwa kwamba inakwenda mahali fulani pa mbali, kisha inakutana na manowari nyuma ya kisiwa kisicho na watu. Mwenye bandari hajauza makaa kwa manowari. Aliyeuza ni mfanyabiashara, na aliyenunua ni mfanyabiashara. Hatari inabaki kwa meli yenyewe, kwa sababu Azimio la London la 1909 liliyahesabu makaa kuwa bidhaa inayoweza kukamatwa ikithibitika inakwenda kwa majeshi ya adui. Azimio hilo halikuridhiwa, lakini 1914 Uingereza ililifuata ikiwa imelibadilisha kwa manufaa yake.

Ukitaka kuona jinsi kazi hii ilivyofanyika kwa mpangilio, kesi iliyoandikwa vizuri kuliko zote haiko Bahari ya Hindi, iko New York. Kampuni ya Hamburg-Amerika ilikuwa na makubaliano na jeshi la majini la Ujerumani tangu kabla ya vita: vita vikianza, mawakala wake watakodi meli na kuzituma na makaa. Agosti 1914 walianza. Meli ya Kimarekani Berwind iliondoka New York ikiwa na hati za Buenos Aires. Tarehe 14 Septemba ilikuwa kwenye kisiwa cha Trindade, katikati ya Atlantiki ya Kusini, pamoja na meli nyingine mbili za makaa. Zilikuwa zikiihudumia Cap Trafalgar, stima ya abiria iliyogeuzwa manowari, na ndipo Carmania ya Uingereza ilipoifuma na kuizamisha. Upande wa pili wa Marekani, Sacramento iliondoka San Francisco Oktoba 1914 ikiwa imeandikiwa Valparaíso. Ilifika huko tupu. Makaa yalikuwa yamebaki kwa kikosi cha manowari za Kijerumani cha Admirali Spee kwenye visiwa vya Chile vya Juan Fernández, na nahodha akadai kwamba alinyang'anywa na manowari.

Desemba 1915 mahakama ya New York iliwatia hatiani Karl Buenz, mkuu wa kampuni hiyo mjini humo, na wenzake watatu. Angalia kosa lenyewe, Mwalimu, maana wengi hulikosea: hawakufungwa kwa kuuza makaa. Walifungwa kwa kula njama ya kuidanganya forodha ya Marekani kwa hati za uongo za shehena na za safari. Ndiyo maana karatasi za forodha ndizo mahali pa kwanza pa kutafuta. Muuza makaa wa siri anaweza kuwa mwaminifu katika kila jambo isipokuwa mstari mmoja, ule unaosema meli inakwenda wapi.

Kesi zile zimetuachia dalili ambazo unaweza kuzitafuta katika barua zako. Dalili yenye uzito kuliko nyingine ni kuwapo kwa msimamizi wa shehena, mtu anayepanda meli pamoja na nahodha, asiye baharia wa kawaida wa meli ile, akiwa na bahasha yenye mahali halisi pa kukutana. Nahodha mwenyewe huenda hajui anakokwenda mpaka awe nje ya bandari. Kisha tazama vifaa. Meli inayokwenda kushusha makaa kwenye gati yenye winchi na makuli haihitaji kununua maelfu ya magunia matupu, mamia ya sepetu, kamba nene za ziada, wala magodoro ya kamba ya kuzuia ubavu usigongane na ubavu. Inayonunua hivyo inatarajia kupakua baharini. Tazama pia mafuta ya kulainisha mashine na chakula: stima yenye mabaharia 35 ikibeba unga, nyama ya chumvi na viazi vya watu zaidi ya 300, kuna midomo mingine inayosubiri mahali.

Kupakia makaa baharini kwenyewe kuna shida zake, na asiyezijua huamini lolote. Meli mbili hufungwa ubavu kwa ubavu. Wimbi likiwa la mita moja tu, zinapanda na kushuka kwa zamu, zinagongana, mabamba ya ubavu yanabonyea, kamba zinakatika. Kwa hiyo panatakiwa mahali penye kivuli cha upepo: nyuma ya rasi, ndani ya ghuba, upande wa kisiwa usiopigwa. Katika pwani yetu mwezi wa Agosti, kusi ikiwa imeshika, mahali hapo ni pachache sana. Bahari ikitulia, manowari ndogo ilipakia labda tani 20 hadi 50 kwa saa, kutegemea winchi, magunia na nguvu za watu. Tani 800 basi ni saa 16 hadi 40 za kazi, mabaharia karibu wote wakiwa wamelowa jasho na vumbi, mizinga imezungukwa na magunia, moto wa boila umepunguzwa. Huo ndio wakati manowari ilipokuwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote, na Cap Trafalgar ilikutwa hivyohivyo.

Halafu kuna ubora. Makaa ya Wales yaliwaka kwa moto mkali na moshi mdogo. Ndiyo kila nahodha wa manowari aliyoyataka. Makaa mengi ya India yalitoa moshi mzito na majivu mengi, yakaganda kwenye vyuma vya tanuri na kupunguza kasi. Manowari ya Kijerumani Emden ilipoikamata meli Pontoporos ya Kigiriki Septemba 1914, ilipata tani zaidi ya 6,000 za makaa ya India, lakini makaa hayo yalikuwa ya kutumia kwa shingo upande. Baadaye mwezi uleule iliikamata Buresk ikiwa na makaa ya Wales, na hapo mambo yakanyooka. Taarifa ya siri inayosema tu "makaa" bila kutaja yalikochimbwa imeandikwa na mtu asiyejua kazi, au na mtu ambaye hakuyaona. Na makaa yaliyolundikwa kwa muda mrefu katika joto, hasa yenye unga mwingi, huanza kujipasha na kuwaka yenyewe ndani kwa ndani. Akiba ya siri ikikaa miezi kadhaa melini lazima ichunguzwe joto kila siku, na moshi wake huonekana.

Turudi kwa Königsberg. Bandari yake ya nyumbani ilizibika mapema: tarehe 8 Agosti manowari ya Uingereza Astraea ilipiga Dar es Salaam, na Wajerumani wenyewe wakazamisha gati lao la kuelea kwenye mlango wa bandari. Siku mbili kabla, Looff alikuwa ameikamata City of Winchester ya Uingereza mashariki ya Aden, imejaa chai. Aliipeleka visiwa vya Khuriya Muriya kwenye pwani ya Oman, akachukua makaa yake, akaizamisha. Mabaharia wake walipelekwa na stima ya Kijerumani Zieten hadi Kisiwa cha Msumbiji. Hiyo ni sababu mojawapo ya mabalozi wadogo wa Uingereza kushtuka: meli iliyokuwa imeonana na manowari ana kwa ana ilikuwa imetia nanga mbele ya macho yao, katika bandari ya Wareno.

Aliyelisha manowari ile kwa kweli alikuwa Somali, stima ya kampuni ya Kijerumani Deutsche Ost-Afrika Linie iliyotoka Dar es Salaam na makaa mwanzoni mwa Agosti. Ziliwasiliana kwa simu ya upepo, zikatafutana kwa siku nyingi katika bahari iliyochafuka, mwishowe zikakutana upande wa Ras Hafun wakati ghala za Königsberg zilikuwa karibu kufagiliwa. Kutoka hapo Looff alikwenda Madagascar bila kupata windo, kisha akaingia delta ya Rufiji mwanzoni mwa Septemba. Waingereza hawakudhani kwamba meli inayozama zaidi ya mita 5 ingeweza kupita mle. Wajerumani walikuwa wameshapima mikondo yake. Tarehe 20 Septemba alitoka, akaizamisha manowari ya Uingereza Pegasus bandarini Zanzibar ilipokuwa ikitengeneza mashine, akarudi Rufiji na mashine yake nayo ikiwa imeharibika.

Wakati huo Waingereza walikuwa wamefanya jambo ambalo lilisaidia kuliko malalamiko yote ya kisheria: waliyanunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Msumbiji ili adui asiyakute. Hakuna mkataba wa kujadili na hakuna jasusi wa kumlipa. Ukikuta katika barua zako agizo la kununua akiba ya makaa, liwekee alama. Tarehe ya agizo hilo ni muhimu sana, kwa kuwa tuhuma yoyote ya baadaye lazima ieleze makaa yalitoka wapi ilhali yamekwisha kununuliwa.

Kisha likaja tukio ambalo kila mwanafunzi wako anapaswa kulijua. Tarehe 19 Oktoba 1914 manowari ya Uingereza Chatham ilifika Lindi na kuikuta stima ya Kijerumani Präsident ikipeperusha alama ya meli ya hospitali. Haikuwa imetangazwa kuwa ya hospitali na ndani haikuwa na vifaa vyake. Waliopanda kukagua walikuta karatasi zinazoonyesha kwamba mwezi Septemba matishari ya makaa yalipelekwa Rufiji, Salale. Manowari iliyotafutwa na meli nyingi kwa karibu miezi mitatu ikafichuliwa na hati ya makaa. Tarehe 30 Oktoba Chatham ilifika kwenye delta, ikateremsha watu kuwahoji wenyeji, na kutoka juu ya mlingoti ikaona milingoti ya Königsberg na Somali juu ya mikoko. Tarehe 7 Novemba kombora liliiwasha moto Somali, ikateketea. Siku tatu baadaye Waingereza wakaizamisha meli yao ya makaa, Newbridge, kwenye mkondo mmojawapo ili kuuziba.

Makaa yale, basi, yalitoka Lindi, bandari ya Wajerumani wenyewe. Hapakuwa na haja ya nchi isiyoegemea upande. Na matishari ndivyo vyombo ambavyo mtu wa pwani angevikumbuka miaka mingi baadaye kwa jina la majahazi ya makaa.

Kuhusu Wareno kuna jambo la kisiasa ambalo barua zenyewe huenda zisilieleze. Ureno haikutangaza rasmi kutoegemea upande mwaka 1914. Agosti ileile ilisema mbele ya bunge kwamba inaheshimu urafiki wake wa kale na Uingereza, bila kuingia vitani. Tena tarehe 24 Agosti Wajerumani walikishambulia kituo cha Wareno cha Maziua kwenye mto Ruvuma. Maafisa wa bandari za Msumbiji hawakuwa na sababu ya kufumba macho kwa ajili ya Wajerumani. Mawakala binafsi walikuwa na sababu, nayo ni fedha. Stima za Kijerumani, Zieten na Admiral zikiwamo, zilikaa katika bandari hizo mpaka Ureno ilipozitwaa mwaka 1916, na Ujerumani ikaitangazia vita tarehe 9 Machi mwaka huo. Meli iliyokaa palepale haikuwa ikipeleka makaa popote, ingawa ghala zake zingeweza kunyonywa usiku kwa matishari.

Sasa chukua taarifa moja katika barua zako uipime. Tuseme inadai kwamba stima fulani ilitoka Beira na makaa, ikaipa Königsberg, ikarudi. Kutoka Beira hadi Rufiji kwa njia ya pwani ni takriban maili 900 za baharini. Kwa mwendo wa maili 9 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa 200, siku nane na ziada. Ongeza siku moja au mbili za kupakua. Daftari la bandari likionyesha meli imekosekana siku tano, taarifa imekufa. Likionyesha siku kumi au kumi na moja, na bandari iliyoandikwa kwenye hati haina kumbukumbu ya kuipokea, hapo una jambo. Kutoka Kisiwa cha Msumbiji ni kama maili 450, hivyo hesabu hupungua kwa nusu na tuhuma inakuwa nyepesi kuaminika.

Pima pia makaa ya matumizi ya meli yenyewe, maana hapo ndipo pa kujifichia. Shehena huandikwa kwenye hati ya shehena. Makaa ya kuendeshea meli mara nyingi hayakuulizwa sana. Stima inayochoma tani 35 kwa siku na kutangaza safari ya siku sita inahitaji tani 210, na kwa usalama labda 300. Ikichukua 900 "kwa matumizi yake", tani 600 zina mlaji mwingine. Kasoro moja: nahodha wa meli ya Kijerumani mwaka 1914 angeweza kujaza kila alichopata kwa hofu tu ya kutopata tena, kwa hiyo ziada peke yake haimtii mtu hatiani.

Kipimo kizuri kuliko vyote ni kina. Kila meli ina tarakimu zilizopakwa omo na tezi, na mtu mwenye darubini anaweza kuzisoma akiwa ufukoni. Meli ya urefu wa mita 110 na upana wa mita 14 huzama sentimita moja kwa karibu kila tani 12 na nusu zinazoongezwa. Ikitoka imezama mita 6 na kurudi imezama mita 5.20, imepungukiwa na tani 1,000 hivi. Toa makaa iliyochoma yenyewe njiani, kinachobaki kimeshuka mahali fulani. Lakini jihadhari na Beira na Quelimane, ambazo ni bandari za mito. Katika maji baridi meli ileile, mzigo uleule, huzama zaidi kwa sentimita 13 au 14 kuliko katika maji ya chumvi. Mtu asiyejua akiisoma mtoni, kisha mwenzake akaisoma kwenye maji ya chumvi, watadhani tani 170 zimetoweka, na barua ya tuhuma itaandikwa bila gunia moja kusogea.

Mwisho, msome mwandishi wa taarifa kama unavyoisoma taarifa. Balozi mdogo alitegemea watu wa bandarini, na baadhi yao walilipwa kwa kila habari waliyoleta. Tenganisha "niliona" na "nimesikia". Taarifa tatu zinazofanana neno kwa neno ni kinywa kimoja kilichopita kwa maofisa watatu. Tafuta jina la meli, tarehe ya kung'oa nanga, idadi ya tani, na nani aliyepakia; penye viwili tu kati ya hivyo, iweke kando ukingoje jalada jingine. Majalada ya Admirali ya Uingereza, yaani ofisi kuu ya jeshi lake la majini, ya vita vile yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya Kew, London, katika fungu la ADM 137, na humo mara nyingi taarifa ya balozi mdogo imebandikwa pamoja na maoni ya afisa aliyeipokea, wakati mwingine akiikataa papo hapo. Barua uliyonayo bila maoni hayo ni nusu ya mazungumzo.

Na usisahau kwamba bendera ya nchi isiyoegemea upande ilitumika kweli kwa ajili ya Königsberg, ila si Msumbiji. Februari 1915 Rubens, meli ya Uingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza, iliondoka Ujerumani kwa jina la Kronborg, chini ya bendera ya Denmark, ikiwa na mabaharia wanaosema Kidenmaki na nahodha Carl Christiansen. Ilibeba tani 1,600 za makaa, karibu mara mbili ya ghala zote za Königsberg, pamoja na silaha na risasi. Waingereza walikuwa wakisoma ujumbe wa simu ya upepo wa Wajerumani. Tarehe 14 Aprili manowari yao Hyacinth iliifuata hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga, nayo ikakaa chini katika maji ya kina kifupi. Wapiga mbizi wa Kijerumani waliokoa sehemu kubwa ya risasi, zikamfikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, na kurefusha vita vilivyowatafuna wapagazi wetu. Makaa hayakufika Rufiji. Julai ile, manowari za Uingereza Severn na Mersey zilipoingia mtoni, Königsberg ilikuwa palepale ilipofungiwa.